Ligi ya NHL iamuru uso wote ufunikwe

Tunaanza na msimamo wetu ili msomaji asiutafute. Ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, NHL, imtake kila mchezaji mpya anayeingia humo afunike uso wote, kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Kioo cha nusu uso kinachovaliwa leo hakitoshi. Hiari nayo haifai. Ligi hii ilianza mwaka 1917, na kwa sehemu kubwa ya umri wake imemwachia kila mtu aamue mwenyewe. Waliolipia uamuzi huo ni wachezaji, kwa macho, meno na mataya yao.

Kwa asiyeujua mchezo: timu mbili za watu sita sita, makipa wakiwemo, wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma. Kila mmoja ana gongo mkononi, na wote wanagombea kisahani cha mpira mgumu kiitwacho paki. Paki ina upana wa sentimita 7.6 na uzito unaokaribia gramu 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili isidundedunde. Mpigaji hodari huituma kwa mwendo unaozidi kilomita 160 kwa saa. Mwaka 2012, katika shindano la ustadi, beki Zdeno Chara aliipiga ikaenda kilomita 175 kwa saa. Ikigusa ncha ya gongo la mtu njiani, inabadili mwelekeo na kupaa, na aliye mbele yake hana muda hata wa kufumba macho. Huko si kuvunja sheria. Ndivyo mchezo unavyochezwa, kila usiku, kuanzia Oktoba hadi Juni.

Willie O'Ree aliyajua hayo mapema. Alikuwa kijana wa Fredericton, Kanada, akichezea timu ya vijana ya Kitchener katika msimu wa 1955/56, paki ilipobadili njia na kumpiga usoni. Jicho la kulia likapoteza takriban asilimia 95 ya uwezo wa kuona. Daktari alimwambia aache hoki. Hakuacha, akaificha siri hiyo, na tarehe 18 Januari 1958 akaingia uwanjani na Boston Bruins dhidi ya Montreal Canadiens, akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL. Alikuwa winga wa kushoto, kwa hiyo sehemu kubwa ya uwanja ilikuwa upande wa jicho lisiloona. Ilimbidi ageuze kichwa kizima kupokea pasi ambayo wenzake waliiona kwa pembe ya jicho. Alicheza mechi 45 katika ligi hiyo. Wakati wote huo alikuwa anajua kwamba akigundulika atafukuzwa, kwa kuwa kanuni za NHL zilimkataza mtu mwenye jicho moja kucheza.

Tunaomba msomaji aitazame vizuri kanuni hiyo. Ligi ilikuwa na sheria ya kumfungia mlango aliyepoteza jicho wakati haikuwa na sheria yoyote ya kuyalinda macho ya waliobaki ndani. Na haikuwa kanuni iliyosahauliwa kwenye makabati. Greg Neeld alipoteza jicho mwaka 1973 kwa pigo la gongo akiwa katika hoki ya vijana huko Toronto. Buffalo Sabres walimchagua mwaka 1975, naye akawa tayari kucheza akiwa amevaa kinga maalumu usoni. NHL ikakataa. Alikwenda mahakamani Marekani, na mwaka 1979 mahakama ya rufaa ikakubaliana na ligi kwamba kanuni ile ilikuwa kwa ajili ya usalama. Ligi ilisimama mbele ya majaji ikaeleza hatari ya kumweka uwanjani mtu asiyeona upande mmoja. Ilikuwa kweli, ni hatari. Lakini jioni ileile mamia ya wachezaji wa ligi hiyohiyo walikuwa wanaingia uwanjani nyuso wazi, na sheria ya kuwazuia wasifikwe na ya Neeld ilikuwa bado miaka zaidi ya 30 mbele.

Katikati ya miaka hiyo aliumia Bryan Berard. Tarehe 11 Machi 2000, beki huyo wa Toronto Maple Leafs, mwenye umri wa miaka 23, alipigwa kwenye jicho la kulia na gongo la Marian Hossa wa Ottawa lililokuwa linamalizia mzunguko wa pigo. Hossa hakukusudia. Kitabu cha sheria kinaadhibu gongo linalompiga mtu usoni: dakika mbili nje, na nne likijeruhi. Ila gongo linalofuatisha pigo la kawaida la paki halihesabiwi kosa. Sheria yenyewe basi imekubali kwamba magongo yatafika usoni bila mtu kukosea. Berard alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akapata lenzi iliyomwezesha kufikia kiwango cha chini cha kuona kinachotakiwa na ligi, akarudi uwanjani mwaka 2001, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Bill Masterton kwa uvumilivu wake. Tunamheshimu sana. Lakini kioo kilekile ambacho leo kila mgeni wa ligi hulazimishwa kukivaa kilikuwepo siku ile, na yeye hakuwa nacho usoni.

Wapo watakaosema: mtu mzima, mwenye akili zake na mshahara mnono, aachwe aamue mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za wapinzani wetu, na haijibiwi kwa kusema tu kwamba wachezaji ni wakaidi. Mwaka 1969, Ted Green wa Boston alipasuliwa fuvu kwa gongo katika mechi ya maandalizi. Mwanauchumi wa Marekani Thomas Schelling, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, aliitazama hoki baada ya mkasa huo, na mwaka 1973 akaandika kuhusu helmeti. Aliona kitu ambacho wengi hawakukiona. Mchezaji mmojammoja hatavaa, kwa kuwa anaogopa kuonekana mwoga, au anaogopa kumpa mpinzani nafuu ndogo ya kuona vizuri zaidi. Lakini mchezaji huyohuyo, akiulizwa kwa siri kama angependa wote walazimishwe, anaweza kusema ndiyo. Wote wakivaa, hakuna mwoga na hakuna aliyepata nafuu. Kumwachia kila mtu achague ni kumnyima kile ambacho kwa kweli angekichagua.

Na uhuru huo haukugawanywa sawa. Chukua kisa cha Jacques Plante, kipa wa Montreal. Tarehe 1 Novemba 1959, jijini New York, shuti la Andy Bathgate lilimchana uso. Akaenda kushonwa, kisha akamwambia kocha wake, Toe Blake, kwamba harudi golini bila barakoa. Blake hakuipenda barakoa. Aliamini itamzuia kipa kuona. Lakini siku hizo timu haikuwa na kipa wa akiba benchini, na Plante alikuwa kipa bora kuliko wote duniani. Blake akakubali, Montreal wakashinda 3-1 na kuendelea kwa wiki kadhaa bila kushindwa. Plante aliweza kusema hapana kwa sababu hakukuwa na wa kumbadilisha. Kijana wa mwishoni mwa kikosi, aliyepandishwa juzi kutoka ligi ya chini na anayejua kwamba wapo kumi wanaoitaka nafasi yake, hawezi. Yeye anaangalia wakubwa wanavaa nini, na anavaa hivyohivyo ili unga wake usimwagike. Hata kwa makipa, waliokuwa wanapigiwa mashuti usiku kucha, iliwachukua miaka 15 tangu siku ile ya Plante hadi kipa wa mwisho asiye na barakoa, Andy Brown wa Pittsburgh, alipoondoka NHL mwaka 1974.

Ligi imekwisha kujifunza mara mbili jinsi ya kulazimisha bila kuvunja amani. Bill Masterton wa Minnesota alianguka na kugonga kichwa kwenye barafu tarehe 13 Januari 1968, akafariki siku mbili baadaye. Hakuwa na helmeti. Ilipita miaka 11 kabla sheria haijaja. Mwaka 1979 iliamuliwa kwamba wote wanaosaini mkataba wao wa kwanza wavae, na wa zamani wakaachiwa uhuru wao. Wa mwisho kucheza kichwa wazi, Craig MacTavish, alistaafu mwaka 1997. Mwaka 2013 ukatumika mpango huohuo kwa kioo cha nusu uso: aliyecheza chini ya mechi 26 alazimike, wengine waachwe. Wakati huo karibu robo tatu ya wachezaji walikuwa tayari wanakivaa. Leo wasio nacho wanahesabika kwa vidole vya mikono, na wakistaafu hao, suala hilo limekwisha. Hakuna timu iliyokufa kwa hilo. Watazamaji hawakukimbia.

Sheria ya 2013 nayo ilikuja baada ya damu. Oktoba 2011, Chris Pronger wa Philadelphia, nahodha na beki aliyeogopwa kuliko wengi, alipigwa jichoni na gongo. Alirudi kwa mechi chache akiwa na kioo, kisha hakucheza tena. Machi 2011 paki ilimpiga Manny Malhotra wa Vancouver kwenye jicho la kushoto. Machi 2013 ilikuwa zamu ya Marc Staal wa New York Rangers, na miezi mitatu tu baadaye kanuni ikapitishwa. Hatukubali tena utaratibu huu wa kungoja mtu aumie mbele ya kamera ndipo kamati ikutane.

Maana kioo cha nusu uso kinalinda macho, na kinaishia puani. Kuanzia hapo kwenda chini mtu yuko wazi. Mei 2010, katika nusu fainali, paki iliyopigwa kuondoshwa langoni ilimvunja Duncan Keith wa Chicago meno saba, naye akarudi kumalizia mechi. Anasifiwa kwa hilo mpaka leo. Sisi tunamsifu kwa moyo wake na tunauliza meno saba yalikwenda kwa faida gani. Machi 2013, Sidney Crosby, mchezaji bora wa kizazi chake, alivunjwa taya na shuti la mchezaji mwenzake wa Pittsburgh lililobadili njia. Alikuwa na kioo cha nusu. Akakosa mechi zote zilizobaki za msimu wa kawaida, na klabu iliyokuwa inamlipa mamilioni ikamkosa.

Ushahidi upo, na umekuwepo muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1970, madaktari wa macho wa Kanada wakiongozwa na Tom Pashby wa Toronto walihesabu majeraha ya macho katika hoki. Kwa msimu mmoja wa 1974/75 walipata majeraha 257, na macho 43 yaliyopofuka, mengi yakiwa ya watoto na vijana. Kanada ikaweka viwango vya kinga za uso, ikazifanya lazima kwa watoto, na upofu kwa walioficha uso mzima kwa kinga iliyothibitishwa ukatoweka. Mwaka 1999, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofuatilia timu za vyuo vikuu vya Kanada kwa msimu mzima, nusu zikivaa vioo vya nusu na nusu zikifunika uso wote. Wa nusu uso waliumia uso zaidi ya mara mbili, na meno karibu mara kumi. Kwa mtikisiko wa ubongo na majeraha ya shingo, watafiti hawakukuta tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Jibu hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu pingamizi linalorudiwa sana ni kwamba aliyefunikwa uso hujiona hawezi kuumia, hucheza ovyo, huinua gongo, na mwishowe watu huvunjika shingo. Hofu hiyo ina mantiki. Pale ilipopimwa timu kwa timu, haikuonekana. Na kama kweli wapo watakaoinua magongo kwa kuwa mwenzao amevaa wavu wa chuma usoni, dawa yake iko mkononi mwa mwamuzi: zile dakika nne za adhabu zitolewe gongo linapogusa wavu sawasawa na linapochana mdomo. Leo ukali wa adhabu hupimwa kwa jeraha lililotokea. Upimwe kwa kitendo.

Pingamizi la pili ni la macho: wavu wa chuma unamzuia mtu kuona paki iliyo miguuni, na kioo kirefu kinashika ukungu na jasho. Tunauliza, nani uwanjani anahitaji kuiona paki kuliko kipa? Makipa wote wa NHL huitazama kupitia nondo nyembamba za chuma. Vladislav Tretiak wa Umoja wa Kisovyeti alikuwa anavaa helmeti yenye wavu mwaka 1972, alipokuwa anawatesa nyota wa Kanada. Barakoa zenyewe ziliboreshwa kwa maumivu: Februari 1979, ncha ya gongo ilipita kwenye tundu la jicho la barakoa ya Bernie Parent wa Philadelphia na kumaliza kazi yake, ndipo matundu makubwa yakaachwa na nondo zikashika nafasi. Kwa wachezaji wasio makipa, Malhotra alirudi fainali ya 2011 uso mzima ukiwa umefunikwa. Chara, akiwa na taya lililovunjika, alicheza fainali ya 2019 hivyohivyo. Kama kinga kamili inafaa kwa fainali mtu akishaumia, inafaa kwa mechi ya Novemba kabla hajaumia.

Tena si kitu kigeni kwao. Watoto wa Marekani na Kanada hujifunza hoki wakiwa wamefunikwa uso wote. Wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani hucheza hivyo mpaka siku ya mwisho ya chuo. Wanawake wanaoshindania dhahabu ya Olimpiki hucheza hivyo, kwa amri ya shirikisho la dunia, IIHF, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hawaioni paki. Mwanamume anatoka chuoni Aprili na wavu usoni, anasaini mkataba, na wiki hiyohiyo anauvua. Macho yake hayajabadilika, na paki zinazomngoja huko aendako zina kasi zaidi.

Kuhusu ngumi tutasema machache. Zipo bado katika NHL, na wanaozipenda wanasema aliyefunikwa hawezi kupigana kwa haki. Zimepungua sana tangu miaka ya 1980, na hatuoni kwa nini taya la mchezaji asiyepigana liachwe wazi kwa ajili ya wawili wanaotaka kupigana.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuuliza hili linatuhusu nini. Linatuhusu. Vijana wa Ice Lions walijifunza hoki kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha Hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada na kucheza bega kwa bega na Crosby huyuhuyu aliyevunjwa taya. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa IIHF. Chini ya kanuni za shirikisho hilo, walio chini ya miaka 18 na wanawake wote hufunika uso mzima. Mtoto wa Nairobi anavaa kwa sababu ameamriwa, lakini anachokitamani ni kile anachokiona kwenye televisheni, na kwenye televisheni mashujaa wake wana kioo kinachoishia puani. Anajifunza mapema kwamba wavu ni wa watoto na wanawake, na kwamba ukikua unautupa. Huko ndiko aibu inakotengenezwa, na NHL ndiyo yenye uwezo wa kuimaliza.

Sasa hatua. Oktoba 2023, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alifariki baada ya kukatwa shingoni na kiatu cha mpinzani katika mechi huko Sheffield, Uingereza. Safari hii wakubwa walisogea haraka. IIHF iliamuru kinga ya shingo ndani ya miezi miwili. NHL na chama cha wachezaji, NHLPA, wameiweka katika mkataba wao mpya wa pamoja: wageni wa ligi walazimike kuivaa kuanzia msimu wa 2026/27. Tunawapongeza kwa dhati. Lakini wameilinda shingo na kuliacha taya lililo juu yake.

Mkataba huo unakwenda hadi 2030, na tusiambiwe kwamba lazima tungoje mpaka hapo. Kanuni ya kioo ya 2013 ilipitishwa miezi michache tu baada ya mkataba wa pamoja wa mwaka huo kusainiwa, kwa njia ya kamati ya mashindano ambayo wachezaji na klabu wote wamo. Kamati hiyo ipo. Iitwe. Ipendekeze kwamba yeyote asiye na mechi hata moja ya NHL afunike uso wote, kwa wavu au kwa kioo kamili, atakachochagua mwenyewe, mradi kimethibitishwa kwa viwango vya Kanada au Marekani. Waliomo waachwe, kama walivyoachwa wenzao wa 1979 na 2013. Tangu msimu wa 2019/20, mchezaji anayevukwa na helmeti katikati ya mchezo hutakiwa aiokote na kuivaa au atoke nje; kanuni hiyo itaje na kinga ya uso. Na kabla ya lolote, NHLPA iwaulize wanachama wake kwa kura ya siri, kila mtu na karatasi yake, bila nahodha wala meneja kuchungulia, swali moja: je, unakubali walazimishwe wote?